Shajara ya Prado: kupika kwa umeme wa gari, Tororo mpaka Kidepo

12 Julai

Naanza kuandika leo nisije nikasahau nilipotoka. Nataka tukienda kambi tupike bila makaa na bila kuni, kila kitu kitoke kwenye umeme wa gari. Gari ni Prado ya dizeli ya 1998, injini 1KZ-TE, alteneta (kile kinachozalisha umeme injini ikizunguka) imeandikwa ampea 80, betri moja tu mbele. Tunakaa Tororo, mashariki ya Uganda, kwa hiyo safari zetu nyingi ni za huku huku, Sipi, Pian Upe, Moroto, na Kidepo, hifadhi ya wanyama kule kaskazini mashariki, tunaitaja miaka mitatu sasa bila kufika.

Sababu nayo niiweke. Februari tulilala Pian Upe, upepo wa jioni kule ni mkali na majani yalikuwa yamekauka kabisa, sigiri, jiko letu la makaa, inarusha cheche, mimi na shemeji tukashinda tunazunguka na jerikani la maji badala ya kukaa. Mke wangu ana pumu. Moshi ulimfuata kila alipohamisha kiti, mwisho akaingia ndani ya gari akapandisha vioo, sisi tunakula nje yeye anakula ndani peke yake sahani ipo mapajani. Iliniuma sana. Nikasema safari nyingine sigiri inabaki nyumbani.

Gesi naiheshimu, wengi wanaitumia. Ila moto wa wazi kwenye majani makavu ni moto tu, na mtungi kwenye buti lenye joto huku watoto wamekaa kiti cha nyuma, hapana. Na makaa, tangu lile agizo la rais namba 3 la Mei 2023 la kuzuia uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini, sitaki hata kuonekana nayo njia ile.

Wazo lenyewe nimelipata kwa mjomba. Anaendesha lori la Mombasa na Kampala, akirudi foleni ya Malaba ikimbana ananipigia nimpelekee mboga. Siku moja nimefika na sukuma na nyama nakuta wali uko tayari ndani ya kabini, umeivia kwenye raisi kuka ndogo ya volti 24 iliyochomekwa kwenye dashibodi. Nikamuuliza mjomba hii inakula betri kiasi gani? Akasema, "Mwanangu, mimi naiwasha Bugiri nikifika hapa imeiva, betri sijawahi kuiuliza." Nikacheka tukala.

19 Julai

Nimepata raisi kuka kama ile, ya volti 12, wati 180. Nikachomeka kwenye tundu la sigara, mchele kikombe kimoja na nusu, injini inanguruma. Dakika nne, kimya. Fyuzi imekufa.

Ningepiga hesabu kwanza nisingeshangaa. Wati 180 gawanya kwa volti 12 ni ampea 15, na fyuzi ya lile tundu ni ya 15 hiyo hiyo. Kuna watu wanaweka fyuzi ya 30 mambo yanaendelea. Tafadhali usifanye hivyo, fyuzi kazi yake ni kulinda waya, ukiweka kubwa kitakachoungua ni waya wenyewe huko nyuma ya dashibodi na huko huoni kitu mpaka uone moshi.

Nimevuta waya wake peke yake kutoka kwenye betri, milimita 6 za mraba, fyuzi ya 25 hapo hapo karibu na betri, mpaka soketi mpya ya nyuma. Wali dakika 40. Umeiva vizuri kabisa, binti yangu kala ukoko wote.

2 Agosti

Leo naandika jambo ambalo linaweza kumdhuru mtu kwa hiyo nitaliandika pole pole.

Nilinunua kile kijiboksi cha kupashia chakula cha volti 12, kile cha wati 50 hivi ambacho madereva wanaweka chapati na mchuzi. Nikafikiri kama kinapasha basi kikikaa masaa mengi kitapika. Nikaweka maharage ya Nambale yaliyolowekwa usiku kucha, maji ya moto, kitunguu, nikafunika, nikaenda Mbale na kurudi na shughuli zangu za mchana, jumla masaa saba kimechomekwa. Nilipofungua yalikuwa yamelainika. Rangi nzuri, harufu nzuri. Tumekula mimi na shemeji.

Saa tatu usiku tulikuwa tunapishana chooni wote wawili. Kutapika, tumbo kukata, mpaka saa nane usiku.

Daktari wa zahanati alinieleza asubuhi, na nimesoma zaidi mwenyewe. Maharage haya ya kawaida, hasa mekundu, yana sumu yake ya asili, ni aina ya protini inaitwa lektini. Inakufa maharage yakichemka kweli kweli, nyuzi 100, si chini ya dakika kumi. Kijiboksi hakifiki hapo, nilikipima baadaye na kipimajoto, maji yaliishia nyuzi 78 na hayakupanda tena. Maharage yanalainika, sumu iko pale pale, na ulimi haukuambii chochote. Kijiboksi sasa kinapasha tu chakula kilichoiva, kwisha. Kama unacho na wewe usije ukakitegemea kwa maharage hata kidogo.

10 Agosti

Nimekaa na karatasi. Fundi wangu huku anasema nunua inveta kubwa (kile cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) mambo yaishe, ila nataka nijue kwanza chakula kinadai nini.

Maji lita 1 kutoka nyuzi 20 mpaka 100 yanataka kilojuli 335, kwa lugha ya Yaka, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ni kama yuniti 0.093. Kidogo tu. Lakini ukiyachemsha na kikombe cha volti 12 cha wati 150, hata kama hakipotezi joto lolote ni dakika 37, na kinapoteza, kwa hiyo sema karibu saa nzima kwa chai ya watu wanne. Kwa hiyo shida si wingi wa umeme. Gari lina umeme wa kutosha, ila soketi ndogo inautoa kwa kijiko.

Jambo la pili, gari likiwa limesimama injini inanguruma tu (idle) ili tupike. Dizeli kama hii idle inakunywa kama lita moja kwa saa hata kidogo pungufu, alteneta nayo kwenye mzunguko mdogo haitoi zile 80, inatoa labda nusu, na gari lenyewe linachukua chake. Juu ya hapo moshi wa eksozi unazunguka kwenye hema. Nimekimbia moshi wa makaa nimletee mke wangu wa dizeli?

Nyumbani nimejaribu presha kuka ya umeme ya lita 5, wati 900, na kile kimita cha kuchomeka ukutani. Nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa: yuniti 0.31. Nikarudia mara tatu, haikuvuka 0.33. Ikishapata presha inazima, inawaka kidogo, inazima, sufuria lenyewe lina koti. Na ndani linavuka nyuzi 110, kwa hiyo ile habari ya lektini inakwisha.

Nimeamua ni presha kuka.

6 Septemba, Sipi

Inveta nimefunga, wati 1,500, ya mawimbi safi, yaani umeme wake ni laini kama wa ukutani. Ile ya bei rahisi ya mawimbi ya ngazi niliazima kwa jirani kwanza, presha kuka ikawa inavuma na saa yake ikapotea mahesabu, nikamrudishia. Waya fundi alivuta kutoka betri ya mbele mpaka kwenye buti, mita nne kwenda na nne kurudi, umeandikwa milimita 16.

Sipi ni juu, kama mita 1,800, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana mwaka jana wali wetu ulibaki na kiini. Nikasema hapa ndipo presha kuka itaonyesha kazi yake.

Imewaka sekunde sita. Inveta ikaanza kulia pii pii pii, ikazima. Nikawasha injini, nikajaribu tena, sekunde ishirini, pii pii, ikazima. Watu wamekaa wanasubiri, giza linaingia, ukungu unashuka. Nikachukua mita, nikamwambia shemeji ashike tochi, injini inanguruma na presha kuka imewaka: kwenye betri volti 12.6, kwenye inveta volti 10.7. Volti 1.9 zimepotelea njiani. Nikagusa waya karibu na terminali ukanichoma kidole.

Tumekula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) za jioni kwa kijana wa barabarani, mayai mawili mawili na kabichi, nzuri sana. Mke wangu hajasema neno ila kaniwekea mkono begani wakati nafungua boneti mara ya tatu.

8 Septemba

Nimeukata ule waya leo.

Hesabu ilikuwa inanisumbua usingizini. Shaba ya milimita 16, mita nane kwenda na kurudi, upinzani wake ni kama omu 0.009. Ukipitisha ampea 90 unapoteza volti 0.8. Mimi nimepoteza 1.9, zaidi ya mara mbili. Nikachukua kisu nikachuna ganda. Ganda lenyewe ni nene kuliko kilichomo. Nikatoa uzi mmoja, rangi ya shaba inang'aa, nikauweka juu ya tofali nikaukwangua kwa ncha ya kisu, chini ya ile rangi ni cheupe. Alumini. Alumini iliyopakwa shaba juu, na unene wake nilipopima hata milimita 10 sidhani inafika.

Fundi anasema na yeye kauziwa hivyo hivyo dukani na namwamini, alikuja mwenyewe na hela ya waya mkononi akataka kunirudishia. Lakini mtu angeweza kuunguza gari hapo. Sasa hivi kabla sijanunua waya wowote mnene nakwangua uzi mmoja mbele ya muuzaji, na akikataa natoka.

Nikaona pia kosa ambalo ni langu mwenyewe, hata shaba halali ingekuwa si mpango mzuri. Umeme mwingi wa volti ndogo haupendi safari ndefu. Kinachotakiwa kusafiri mita nne ni umeme kidogo kidogo, ule mwingi utembee sentimita 50 tu. Maana yake betri ya pili, nyuma, ubavuni mwa inveta.

Oktoba

Ada za shule. Mradi umelala.

15 Novemba

Umeamka. Betri ya lithiamu fosfeti, ampea-saa 100, volti 12.8, yaani yuniti 1.28 ikijaa. Ya asidi ya ukubwa huo huo usingeithubutu zaidi ya nusu, hii nachukua asilimia 80 bila wasiwasi. Nimeinunua mkononi mwa jamaa aliyekuwa anafunga sola zake, nikaipima siku mbili kabla sijampa hela. Inakaa nyuma, siyo kwenye boneti, joto la injini linaiua.

Kutoka betri ya mbele: fyuzi ya 50, waya wa shaba milimita 16 (nimekwangua), mpaka chaja ya disii kwa disii (inayochaji betri kutoka betri nyingine) ya ampea 30 huko nyuma, ndiyo inajaza betri ya pili. Ilikuwepo ya ampea 60 nikaikataa. Alteneta ni ya 80, gari na taa na feni zinachukua kama 25, na betri za lithiamu zina tabia ya kunywa bila kushiba, ukiiachia itavuta mpaka alteneta ipikike. Thelathini inaiacha inapumua. Chaja inajifunga injini ikizimwa kwa hiyo ya mbele haiguswi kabisa, asubuhi gari linawaka.

Kutoka betri ya pili: fyuzi ya 150, waya wa shaba milimita 35, sentimita 45, inveta. Upotevu nimepima presha kuka ikiwa imewaka: volti 0.06. Nilirudia kusoma mara mbili.

Sanduku la mbao tumelitengeneza na shemeji, matundu ya hewa pande mbili, kila kitu kimefungwa kwa bolti, hakuna kinachoshikiliwa na kamba.

22 Novemba

Maharage nusu kilo, gari limezimwa, uwanjani nyumbani. Betri imetoka 100 ikaishia 72. Halafu nikaenda Busia na kurudi, kwenye kona ya kuingia nyumbani inasoma 100.

Nikasimamisha gari nje ya geti nikabaki nimekaa. Maharage yamekula ampea-saa 28. Chaja inarudisha 30 kwa saa. Saa moja ya barabara, sufuria moja la maharage. Hiyo ndiyo hesabu yote! Sisi tunaendesha masaa matano, sita, tunafika kambini tumechoka ndipo tunaanza kuuliza umeme wa kupikia utatoka wapi, na huku alteneta imezunguka siku nzima bure. Naiwasha Bugiri nikifika hapa imeiva. Mjomba hakuwa anatania, yeye chakula chake anakipanga kwa kilomita.

Nimempigia. Kasema ndiyo hivyo, akauliza kama nimeshaongeza fyuzi.

13 na 14 Desemba, Pian Upe

Njia ya Mbale, Sironko, Muyembe, ni lami sasa mpaka Nakapiripirit, ukiondoka asubuhi hujachoka. Jaribio la kwanza lilikuwa kupika gari likitembea, kama mjomba. Raisi kuka ile ndogo kwenye lami haina shida, imefungwa kwenye kreti, mchele ukaiva kabla ya Muyembe. Presha kuka nikaiwasha pia. Tukatoka kwenye lami kuelekea Moruajore, njia ya vumbi yenye mawimbi mawimbi, na kile kidude cha kutolea mvuke juu ya mfuniko, ambacho kimekaa tu hakijafungwa, kikaanza kucheza, fsss, fsss, mvuke wa maharage umejaa gari zima na watoto wako nyuma. Nimesimama nikazima. Hakuna aliyeumia. Hiyo ni sheria sasa na haina mjadala: presha kuka haiwaki gari likitembea. Tunajaza betri tukitembea, tunapika tukisimama.

Kwa hiyo dakika 45 chini ya mti, watoto wakanyoosha miguu, sisi tukaangalia tairi, presha ikashuka yenyewe. Sufuria tukaliingiza kwenye kikapu alichoshona mama mkwe, kikapu cha kawaida cha sokoni ndani kina blanketi kuukuu na vipande vya godoro pande zote mpaka juu. Masaa manne baadaye kambini, kipimajoto nyuzi 71. Cha kuangalia kisishuke chini ya 60, hasa wali, wali ukikaa vuguvugu muda mrefu unaota vijidudu vya kuharisha na ukiupasha hausaidiki.

Posho, yaani ugali, imenishinda. Nilitumia ile sehemu ya kukaangia ya presha kuka, maji yakachemka vizuri, nikamimina unga, nikaanza kusonga, sufuria la ndani likazunguka na mwiko. Ukilishika unaungua, ukiliacha linazunguka. Madonge. Na mwiko umekwangua rangi ya ndani. Posho inataka sufuria zito, mguu wa kulibana na moto wa kweli, haitaki hiki chombo, na sitalazimisha.

Matoke lakini! Mke wangu ndiye kaamua. Kamenya vidole kama ishirini, kavifunga kwenye jani la ndizi tulilobeba kutoka nyumbani, vikombe viwili vya maji chini, matoke juu ya kile kikanyagio cha waya, juu yake kibakuli cha stili chenye binyebwa (mchuzi wa karanga) kimefunikwa kwa jani jingine. Dakika 25. Alipofungua jani mvuke ulitoka wa kijani, ile harufu ya jani la ndizi ambayo huipati kwenye sufuria tupu, matoke yamekuwa manjano kabisa, kayaponda hapo hapo ndani ya jani kwa mikono yake miwili. Betri ilitumia asilimia 24 kwa matoke na mchuzi pamoja.

Kala nje. Kiti chake kilikuwa mlangoni mwa buti.

9 Januari, Moroto

Tumeondoka. Maji ya chai tumechemsha nyumbani kwa umeme wa ukutani tukajaza chupa tatu za chai, hilo ni jambo dogo ila linaokoa asilimia 10 kila asubuhi. Maharage tumeyaloweka usiku, yapo kwenye jerikani la mdomo mpana. Tumelala Moroto, betri 100.

10 Januari, Kotido, Kaabong, Apoka

Baada ya Moroto lami imekwisha, ni maramu na makorongo siku nzima. Kotido tumesimama dakika 50, gari kwenye kivuli, presha kuka imewaka, watu wakaja kuangalia. Mzee mmoja akauliza moto uko wapi. Nikamwonyesha waya, akauliza tena, na moto? Nikamfungulia sanduku akaangalia betri muda mrefu, akasema mifugo yake ikiwa malishoni vijana wanakaa siku nyingi na maziwa tu kwa sababu ya kuni, hiki kingekaa juu ya punda? Sikuwa na jibu la punda, ila swali lake nimekaa nalo njia nzima mpaka Kaabong.

Kutoka 100 ikaenda 71, Kaabong ilishajaa tena. Tumefika Apoka, kambi ya Kidepo, jua linazama, bonde la Narus liko mbele yetu lote rangi ya dhahabu na nyati wametawanyika kama mawe meusi. Maharage nyuzi 69. Tukapakua tu. Nimeendesha masaa saba na sikushika hata kiberiti.

11 Januari

Jana usiku wali na nyama, asilimia 27. Asubuhi chai na mayai, 10. Betri 63. Kisha tukatoka na askari wa hifadhi kuzunguka Narus, pole pole, kilomita 20 kwa saa, nilikuwa na wasiwasi mzunguko mdogo wa injini hautatosha ila ulitosha, tumerudi baada ya masaa matatu imejaa. Tumeona twiga, tembo, na simba amelala juu ya jabali. Watoto wanazungumzia simba, mimi naangalia namba, mke wangu kaniambia niache namba niangalie simba, nikaacha.

Usiku tunapika mlango wa buti umefunguliwa, injini kimya, kinachosikika ni feni ya inveta tu. Nyati mmoja alipita karibu na bafu. Majirani walikuwa na moto wa magogo waliyonunua hapo kambini, upepo ulipogeuka tulisogeza kiti cha mama mara moja. Mara moja tu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye mfuko wa koti na ilibaki humo.

12 Januari

Leo hatukuendesha, watoto walitaka kupumzika. Tangu tuliporudi jana, chakula na chai: kutoka 100 mpaka 33. Hapa ndipo udhaifu wa mpango wote ulipo. Siku ya kukaa moja inawezekana, mbili hapana. Paneli ya sola ya wati 200 juu ya paa ingeziba pengo, kwa jua la Karamoja la Januari, lakini hiyo ni hela nyingine na nitangoja. Kwa sasa ratiba ndiyo inatulinda, siku ya pili lazima gari litoke japo masaa mawili.

25 Januari, nyumbani

Nimekagua terminali zote, moja ilikuwa imelegea robo mzunguko kwa ajili ya ile barabara ya Kotido. Nimeweka washa za kubana. Sasa kila nikirudi safari nakaza zote kwa spana kabla gari halijaoshwa.

Chapati bado. Tava la umeme la wati 1,200 nililoazima lilivuta ampea 106, inveta haikusema kitu ila betri yenyewe ilikata, bodi ya ulinzi iliyo ndani mwisho wake ni 100. Ilizima kila kitu kwa sekunde kadhaa kisha ikarudi. Kwa hiyo natafuta tava la wati 800, zito, la chuma, litakalochelewa kupata moto ila likiupata liushike. Mke wangu unga ameshanunua na anataka tujaribu Pian Upe kabla ya mvua ya Machi.